Makala 140 au 38? Namna ya kuisoma orodha ya mtafiti

Barua tatu zimenijia karibu wakati mmoja, na zote zinahusu maandishi ya watafiti wa VVU na dawa zake: tuyasome vipi, na tuyaamini kwa kiasi gani. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu, kwa sababu swali lake niliwahi kulikabili mimi mwenyewe nikiwa kijana, na nilikosea.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa famasia, namaliza shahada ya kwanza na nataka kuendelea na uzamili katika famakolojia ya dawa za VVU. Nimepata walimu wawili walio tayari kunisimamia. Mmoja amechapisha makala 140, mwingine 38. Wenzangu wote wananiambia nisijiulize mara mbili, niende kwa mwenye 140. Nilizifungua orodha zote mbili nikazisoma kuanzia juu hadi chini, nikaishia kuchanganyikiwa. Majina ya waandishi ni marefu kuliko vichwa vya makala, na vichwa vyenyewe vimejaa vifupisho. Nitamjuaje mtafiti wa kweli? (Mwanafunzi wa famasia)

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefurahi kwamba umezifungua orodha zenyewe. Wenzako wamehesabu, wewe umesoma, hata kama umechanganyikiwa. Tuanzie hapo ulipokwama.

Chukua kalamu. Pembeni ya kila makala weka alama: huu ni utafiti wenyewe, haya ni mapitio ya tafiti za wengine, hii ni taarifa ya mgonjwa mmoja, hii ni barua kwa mhariri, hii ni ikisiri ya mkutano. Orodha nyingi hutia vyote hivi kapu moja. Hakuna kosa katika hilo, ila kazi ya kuvitenganisha ni yako msomaji. Ukimaliza, ile 140 inaweza kukuachia tafiti 60, na ile 38 ikakuachia 30. Hapo tofauti imeanza kupungua.

Kisha tazama jina lake limekaa wapi. Katika tafiti za tiba, mpangilio wa majina una maana. Wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyeishika kazi yenyewe: alikusanya takwimu, akazichambua, akaandika rasimu. Wa mwisho kwa kawaida ni mkuu wa maabara au wa mradi, aliyetafuta fedha na anayebeba dhamana. Walioko katikati walichangia kwa viwango mbalimbali, yupo aliyefanya kazi kubwa na yupo aliyeisoma rasimu mara moja. Majaribio makubwa ya dawa za VVU huendeshwa katika nchi kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo usishangae kukutana na makala yenye majina hamsini. Mtu akiwa wa 31 katika makala nyingi za namna hiyo, umejua kwamba anafanya kazi na watu wengi. Anachofikiri yeye mwenyewe bado hujakijua.

Lakini usiwe mwepesi wa kumhukumu. Mwanafamakolojia hukaa katikati mara nyingi, tena kwa haki. Jaribio lenyewe ni la matabibu. Yeye kazi yake ni kupima dawa imefika kiasi gani kwenye damu, imekaa muda gani, na imetoka vipi. Safari hiyo ya dawa mwilini ndiyo inayoitwa famakokinetiki. Kwa hiyo fanya hivi: chukua jaribio kubwa ambalo jina lake limefichwa katikati, halafu tafuta, mwaka mmoja au miwili mbele, makala ndogo iliyozaliwa humo ndani, yenye neno famakokinetiki kwenye kichwa. Kama hapo jina lake liko mwanzoni au mwishoni, umemkuta kwenye meza yake ya kazi.

Na ukiikuta makala hiyo, usishtuke kwamba washiriki ni 12 au 20. Nimesikia wanafunzi wakizidharau tafiti hizi kwa udogo wake, na huniuma, maana nimezifanya. Nilikuwa mfamasia wa utafiti kwa miaka tisa. Mshiriki mmoja alifika alfajiri akiwa hajala, tukamwekea kanula, yaani mrija mwembamba wa kutolea damu, mkononi, tukatoa damu kabla hajameza kidonge. Akameza mbele yetu. Tukatoa tena baada ya nusu saa, saa 1, saa 2, saa 4, 6, 8, 12, na kesho yake saa 24. Kila chupa ilizungushwa kwenye mashine hadi damu nyekundu ikashuka chini na maji yake ya manjano yakabaki juu, yakahamishiwa kwenye vichupa vidogo na kuingizwa kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Mtu mmoja alitupa sampuli tisa, na kutoka kwenye hizo tisa tulichora mlima wake: dawa inapanda, inafika kileleni, inashuka. Watu 20 waliopimwa hivyo wanaweza kukuonyesha jambo ambalo watu 2,000 waliopimwa mara moja moja hawataweza.

Sasa nije kwenye jambo ninalolitazama kuliko yote. Soma orodha kwa mpangilio wa miaka, ya zamani kwanza, na ujiulize: je, swali la makala hii limezaa swali la makala inayofuata?

Chukua efavirenzi, dawa ya VVU ambayo kwa miaka mingi mamilioni ya watu waliimeza kabla ya kulala. Iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1998. Wagonjwa walilalamika kizunguzungu na ndoto zinazoonekana kama kweli, wengine sana, wengine hata kidogo, ilhali wote walimeza miligramu 600. Kwa nini? Watafiti walikwenda kwenye ini, wakakuta kwamba kimeng'enya kinachoivunja dawa hii, kiitwacho CYP2B6, hakifanyi kazi sawa kwa kila mtu. Kuna badiliko moja katika jeni yake, nafasi ya 516, ambalo aliyelirithi kwa baba na kwa mama huivunja efavirenzi polepole, na dawa hurundikana mwilini. Badiliko hilo lipo kwa wingi miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika. Likaja swali jingine: je, dozi yenyewe ni kubwa kuliko inavyohitajika? Mwaka 2014 jaribio liitwalo ENCORE1 lilichapisha matokeo yake: miligramu 400 zilidhibiti virusi sawa na 600.

Wakati huohuo kulikuwa na swali jingine kuhusu dawa hiyohiyo. Efavirenzi huliamsha ini livunje haraka dawa nyingine. Je, mwanamke anayeimeza na ana kijiti cha uzazi wa mpango chenye homoni ya levonorgestreli, kijiti kinamlinda? Uganda ulifanyika utafiti uliowafuata wanawake kwa wiki 48, ukachapishwa 2016. Katika kundi la wanawake 20 waliokuwa kwenye efavirenzi, kiasi cha homoni kwenye damu kilikuwa takriban nusu ya kile cha wanawake ambao hawakuwa wameanza ARV, na watatu walipata mimba. Katika kundi lililotumia nevirapini, dawa nyingine ya VVU, hakuna aliyepata. Watatu kati ya ishirini, mwanangu, kwa njia ambayo wanawake huichagua kwa sababu haiwaangushi! Watafiti wangeweza kusimama hapo, wakahudhuria mikutano na kusifiwa. Badala yake waliuliza: tukiweka dozi maradufu ya vijiti, itatosha? Wakapima tena, na homoni bado ilikuwa chini kuliko ya mwanamke asiyetumia efavirenzi mwenye dozi ya kawaida.

Unaona ninachokitafuta? Makala mbili au tatu tu kwenye orodha, lakini ya pili haikuweza kuandikwa bila ya kwanza, na ya tatu bila ya pili. Mtu wa namna hiyo akikusimamia, atakufundisha kuuliza. Ukikuta orodha ambayo mwaka huu ni figo, mwakani ni malaria, mwaka unaofuata ni takwimu za mtandao, na kila mara yuko katikati ya majina, basi huyo anaitwa kwenye kazi za watu. Si dhambi, ila hutajifunza kwake kulifuata swali moja hadi mwisho wake.

Dolutegraviri, dawa mpya zaidi ya VVU, ilipokuja kuchukua nafasi ya efavirenzi, maswali yote hayo yalibidi yaulizwe upya. Mwenye kifua kikuu anayetumia rifampisini ataimeza vipi, kwa kuwa rifampisini nayo huliamsha ini? Kwanza ilipimwa kwa watu wachache wenye afya njema, matokeo yakachapishwa 2013, ndipo ikajaribiwa kwa wagonjwa wenyewe: miligramu 50 asubuhi na 50 jioni, badala ya mara moja kwa siku. Leo ni maneno mafupi kwenye mwongozo wa tiba. Nyuma yake kuna orodha ya mtu.

Jambo jingine ambalo ningeomba ulitazame ni kama mwalimu huyo amewahi kujirekebisha hadharani. Nitakupa mfano ambao mimi huwasimulia vijana kila mwaka. Botswana kulikuwa na ufuatiliaji mkubwa wa watoto wanaozaliwa hospitalini, na mwaka 2018 wahusika walichapisha barua fupi kwa mhariri wa jarida. Barua tu, wewe kwa kalamu yako ungeipa alama ya chini. Ilisema kwamba kati ya watoto 426 ambao mama zao walikuwa wakitumia dolutegraviri wakati mimba inatungwa, wanne walizaliwa na kasoro ya mrija wa neva, ile inayoacha mgongo au fuvu wazi. Ni asilimia 0.94, wakati kwa kina mama wengine ilikuwa karibu na asilimia 0.1. Barua hiyo ilitikisa ulimwengu wa tiba ya VVU. Nchi nyingi ziliwazuia wanawake wa umri wa kuzaa wasipewe dawa hiyo, na wanawake wenyewe walipaza sauti wakidai haki ya kuchagua.

Wale watafiti hawakuitetea namba yao. Waliendelea kuhesabu. Mwaka 2019 walichapisha tena: watoto 5 kati ya 1,683, yaani asilimia 0.30. Shirika la Afya Duniani mwaka huohuo likaipendekeza dolutegraviri kwa wote, wanawake wakiwemo. Vizazi vilipozidi kuongezeka, tofauti na dawa nyingine ikatoweka. Katika orodha ya machapisho yao utaona hatua zote, ile ya hofu na zile zilizoipunguza. Nawaheshimu kwa vyote viwili: kusema mapema walichokiona ingawa walikuwa na watoto wanne tu wa kukitegemea, na kurudi na hesabu mpya iliyopunguza uzito wa ile ya kwanza.

Kwa hiyo ukikuta kwenye orodha ya mwalimu wako neno masahihisho, usikimbie. Lisome. Mtu aliyekuta kosa kwenye jedwali lake akaliandikia jarida ni mtu wa kuaminika. Makala iliyoondolewa kabisa na jarida ni jambo zito zaidi. Hiyo soma sababu iliyoandikwa, maana kuna kukosea na kuna kughushi.

Umeniuliza pia, katika sehemu ya barua yako ambayo sikuiweka hapa, kuhusu kipimo cha h. Kilibuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mtu mwenye h ya 25 ana makala 25 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 25. Ni hesabu nzuri kwa kiasi chake. Ila mapitio ya jumla kuhusu dawa inayosemwa na kila mtu hunukuliwa mara nyingi kuliko utafiti uliopima dawa kwenye maziwa ya mama anayenyonyesha, hata kama ni ule wa pili uliomsaidia daktari kuamua. Tena kipimo hicho hakishuki kamwe. Mzee hukibeba hata kama aliacha kufanya utafiti miaka kumi iliyopita. Kitazame, kisha uendelee na kazi.

Hakikisha pia kwamba makala unazozisoma ni zake. Majina hufanana sana. Tangu 2012 kuna namba iitwayo ORCID, yenye tarakimu 16, inayomtambulisha mtafiti mmoja tu. Mwambie akupe yake. Na majarida yanayoahidi kuchapisha ndani ya siku chache kwa malipo, bila wapitiaji wa maana, yaondoe kwenye hesabu bila huruma.

Sasa jaribio la mwisho, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Katika kila orodha, chukua makala ambazo mwalimu ni wa mwisho, andika majina ya waandishi wa kwanza. Hao kwa sehemu kubwa ni wanafunzi wake. Watafute mmoja mmoja. Wako wapi leo? Je, baada ya miaka mitano au sita, majina yao nayo yameanza kukaa mwishoni mwa makala nyingine? Au waliandika moja wakatoweka?

Mimi sikulifanya jaribio hili. Nilimchagua msimamizi kwa wingi wa makala zake, na alikuwa nazo nyingi kwelikweli. Nilimwona mara mbili kwa mwaka. Rasimu yangu ya kwanza ilikaa kwake miezi kumi na moja, na ilipotoka ilikuwa na neno moja tu pembeni: "Endelea." Wakati huo kundi jingine lilikuwa limeshachapisha matokeo yaleyale. Nililia, sikufichi. Baadaye nilirudi kwenye orodha yake nikafanya kile ninachokuambia ufanye, na katika miaka kumi na miwili sikukuta mwanafunzi wake hata mmoja aliyeandika zaidi ya makala mbili. Taarifa ilikuwa pale siku zote, hadharani, na sikuisoma.

Wapigie simu hao wanafunzi wa zamani, wa huyu na wa yule. Waulize rasimu hukaa kwake siku ngapi, na jina la nani liliwekwa kwanza pale kazi ilipokuwa yao. Ukishapata majibu, niandikie. Nataka kujua ulikokwenda.

SWALI: Natumia dolutegraviri, na sasa nina mimba, nimepewa vidonge vya madini ya chuma. Kwenye intaneti nimekuta makala ya kitafiti inayosema chuma hupunguza nguvu ya dawa yangu kwa zaidi ya nusu. Nimeogopa, nimeacha vidonge vya chuma wiki mbili sasa. Nimefanya vyema? (Mama mtarajiwa)

JIBU: Hapana dada yangu, virudie leo, na umwambie mkunga au daktari wako kwamba uliviacha. Mimba inahitaji damu.

Makala uliyoisoma naijua, na haikudanganya, ila ulisimama kwenye sentensi ya kwanza. Watafiti waliwapa watu wenye afya dolutegraviri na chuma kwa pamoja, tumbo likiwa tupu, na kiasi cha dawa kilichoingia mwilini kilipungua kwa asilimia 54. Chuma huishika dawa tumboni, zikaambatana, na dawa iliyoshikwa haipenyi kwenda kwenye damu. Kisha wakawapa vyote viwili pamoja na chakula, na upungufu huo ukaondoka. Wakajaribu pia kumeza dolutegraviri saa 2 kabla ya chuma, na hapo pia dawa iliingia vizuri. Hiyo ndiyo sehemu ya makala inayokuhusu wewe.

Kwa hiyo una njia mbili. Ukila chakula, meza vyote pamoja na chakula hicho. Kama hujala, meza dolutegraviri kwanza, na chuma ukimeze saa 2 zikishapita. Au kama ulitangulia kumeza chuma, subiri saa 6 zipite ndipo umeze dolutegraviri. Vidonge vya kalsiamu vifuate kanuni hiyohiyo. Dawa za kiungulia zenye aluminiamu au magnesiamu ni ngumu zaidi, hizo chakula hakizisaidii: zitenganishe na dolutegraviri kila mara, saa zilezile. Mwonyeshe mfamasia wako vidonge vyote unavyomeza, hata vile ulivyonunua mwenyewe.

SWALI: Miaka kadhaa iliyopita nilijiunga na utafiti wa dawa za VVU. Nililala wodini, nikatolewa damu mara nyingi usiku na mchana. Nilipewa shukrani na nauli, nikaenda zangu. Juzi binti yangu alinisaidia kutafuta jina la yule mtafiti mkuu, tukakuta ana makala nyingi sana. Langu halimo popote, na hakuna niliyemsikia akinieleza walipata nini. Je, damu yangu iliandika makala ya mtu? (Mshiriki wa zamani)

JIBU: Barua yako niliisoma mara tatu, kaka yangu, na nilipokuwa naisoma nilikiona kitanda.

Jina lako halimo kwa sababu lilizuiwa kuwamo. Siku ya kwanza ulipewa namba, na kuanzia hapo kila chupa, kila karatasi, kila faili la kompyuta lilibeba namba hiyo badala ya jina. Nia ni kukulinda, mtu asije akasoma jarida akajua hali yako ya afya. Kwenye makala utakutana na wewe na wenzako katika sentensi moja, karibu na mwisho, inayowashukuru washiriki. Mimi mwenyewe nimeshaandika sentensi hiyo, na nilihisi ni fupi mno.

Lakini ulipo hasa ni kwenye mchoro. Makala za famakokinetiki huwa na mchoro wa mstari unaopanda na kushuka, muda chini, kiasi cha dawa pembeni. Ukitazama vizuri utaona vidoti. Kila kidoti ni mkono wa mtu uliotobolewa saa fulani. Nakumbuka usiku mmoja mshiriki wetu, mzee mpole asiyependa kusumbua, alilala usingizi mzito kabla ya sampuli ya saa 12 tangu ameze dawa. Nilisita kumwamsha. Nilipomwamsha na kupata damu, saa ya ukutani ilionyesha kwamba dakika 17 zimepita. Fomu ilikuwa na nafasi mbili, muda uliopangwa na muda halisi. Ningeweza kuandika 12:00 kwenye zote mbili na hakuna ambaye angejua. Niliandika 12:17. Mzee akaniuliza kwa nini nimekaza uso namna ile, nikamweleza kwamba kidoti chake kitasogea kidogo kulia. Akacheka, akasema kisogee tu mradi kiwe cha kweli. Miezi mingi baadaye nilipouona mchoro umechapishwa, nilikitafuta kidoti hicho kwa kidole.

Kwa hiyo ndiyo, inawezekana kabisa damu yako imo kwenye makala. Na una haki ya kujua walipata nini. Nasema haki, si hisani. Timu nyingi hukusanya takwimu, huchapisha kwenye jarida lisilosomwa na walioutoa mkono, na husahau kurudi kwa washiriki na maneno mawili matatu ya lugha wanayoielewa. Hilo ni kosa letu sisi watu wa utafiti, na kila nipatapo nafasi nalisema.

Namna ya kutafuta ni hii. Tafuta fomu ya ridhaa, ile uliyotia saini na kupewa nakala. Itakuwa na jina kamili la utafiti, na aghalabu namba ya usajili. Tangu 2005 majarida makubwa ya tiba yamekataa kuchapisha jaribio ambalo halikusajiliwa kabla ya kuanza, kwa hiyo namba hiyo ina thamani kubwa. Katika daftari la usajili la Marekani, ambalo hutumiwa na tafiti za nchi nyingi, huanza na herufi NCT zikifuatiwa na tarakimu 8. Mwambie binti aiandike namba hiyo kama ilivyo kwenye intaneti. Makala iliyotokana na jaribio huitaja namba hiyo, mara nyingi mwishoni mwa ikisiri, na kwa njia hiyo mtazipata bila kuhangaika na majina.

Mkiikosa makala, kwenye fomu hiyohiyo kuna jina la kamati ya maadili iliyoupitisha utafiti na namna ya kuwasiliana nayo. Waandikie. Eleza kwamba ulikuwa mshiriki, taja namba yako ya ushiriki kama unaikumbuka, na uombe muhtasari wa matokeo kwa Kiswahili. Si lazima ueleze kwa nini unataka. Na kama fomu imepotea, tarehe ulizolala wodini na jina la dawa uliyopewa vinatosha kuanzia.